Silinda Zilizokula Magunia Thelathini na Moja: Risala ya Umoja wa Trekta Moja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Zana za Kilimo, maofisa mliofuatana naye, mwenyekiti wetu, wanachama, majirani, na nyinyi mliosimama nje ya turubai kwa sababu viti vimekwisha: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

KARIBU

Sisi wanachama arobaini na mmoja wa Umoja wa Trekta Moja tunakukaribisha kwenye banda hili jipya la trekta, ambalo umekuja kulifungua. Tunajua umeacha kazi nyingi mezani. Tunajua pia barabara ilivyo kuanzia pale darajani, na kama kuna mtu kwenye msafara wako ambaye kiuno kinamuuma, atuwie radhi. Maji ya kunywa yapo, kivuli kipo, na choo ni kile chenye mlango wa bluu. Kile kingine tafadhali msikitumie.

TULIKOTOKA

Umoja huu ulianza miaka tisa iliyopita, na watu kumi na wanne waliochoka kukodi trekta la bwana mmoja aliyekuwa akija siku anayotaka yeye na kulima anapotaka yeye. Tulichanga misimu mitatu. Tukanunua trekta letu, ambalo halikuwa jipya na halijawahi kujifanya jipya. Lina plau nyuma, na mbele lina ndoo kubwa ya kuzolea udongo.

Ndoo hiyo ndiyo roho yetu. Mfereji wetu wa maji hujaa tope kila mwaka, na tope lisipozolewa kabla ya kupanda, mashamba ya chini hayapati hata tone. Kazi ambayo watu thelathini wenye makoleo huifanya kwa wiki tatu, ndoo huimaliza kwa siku mbili.

Inanyanyuliwa na silinda mbili za haidroliki, moja kila upande. Kwa wasiozijua, ni mabomba mazito ya chuma. Ndani yake mafuta yanasukuma shafti, na shafti ndiyo inayonyanyua ndoo. Mafuta yanazuiwa yasivuje na sili, mipira myembamba ambayo ukiishika kiganjani huamini kwamba inabeba mzigo wote ule.

Dereva wetu tangu siku ya kwanza ni mama ambaye wengi hapa hawalijui jina lake la kwenye cheti. Sote tunamwita Mama Klachi. Alikuwa mpishi wa vibarua kwenye shamba kubwa, na udereva aliuiba kwa macho, akiwatazama madereva wakigeuza matrekta huku maharage yakichemka. Tulipomfanyia majaribio aliwapita wanaume wanne, na mmoja wao hajamsalimia mpaka leo.

MAFANIKIO

Kwa trekta hilo tumelima, tumezoa mfereji misimu sita mfululizo, tumesomesha, tumejenga. Banda hili tumelijenga wenyewe kwa mikono yetu.

Mgeni rasmi, nakala iliyo mezani kwako inaishia hapa. Ofisa wako aliyekuja wiki mbili zilizopita alituomba tumpelekee risala mapema ili ipitiwe, nasi tukampelekea. Ina kurasa mbili. Baada ya mafanikio inasema kwamba changamoto zetu ni za kawaida, kisha inakushukuru. Tunakuomba uiweke kando. Jana tulikutana tukapiga kura, na walioitaka hii ni wengi kuliko walioitaka ile. Mwenyekiti hakupiga kura, lakini pia hakuzuia.

CHANGAMOTO

Msimu uliopita, asubuhi moja, Mama Klachi alimfuata katibu, ambaye ndiye huyu anayewasomea.

"Katibu, silinda ya kushoto inatokwa jasho."

"Jasho la namna gani?"

"La mafuta. Nimeifuta alfajiri, saa nne imelowa tena."

Katibu akamwambia aendelee kuifuta.

Baada ya siku chache kufuta kukashindikana, sili zikabadilishwa. Zikakaa wiki tano tu, silinda ikavuja tena, na ya kulia nayo ikafuata. Tukanunua sili nyingine. Mama Klachi, ambaye ndiye aliyekuwa akitumwa kuzinunua, akatuambia kikaoni kwamba haelewi, maana sili nzuri hukaa miaka. Hapo ndipo tulipoanza kutazamana. Mwanachama mmoja akauliza, kwa sauti ya mzaha ambao haukuwa mzaha, "Hizo sili zinanunuliwa kweli, au zinanunuliwa kwenye risiti?"

Watu wakacheka. Mama Klachi akaingiza mkono mfukoni, akatoa zile zilizochakaa, akazipanga mezani moja moja. Aliyeuliza akasema sili kuukuu mtu anaweza kuziokota gereji yoyote. Hakuna aliyemkemea.

Kisha ndoo ikaanguka.

Ilikuwa siku ya pili ya kuzoa tope. Msimamizi wetu wa maji aliteremka mferejini kutoa gogo lililokuwa limekwama, akainama chini ya ndoo iliyokuwa hewani. Mama Klachi akampigia kelele kutoka kwenye kiti, "Toka hapo chini! Toka!" Msimamizi akajibu, "Dakika moja tu, dada." Silinda ya kushoto ikaachia. Angekuwa hatua moja nyuma, leo tungekuwa tunasoma jina lake kwenye orodha ya marehemu. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Yuko pale mstari wa mbele, yule aliyevaa kiatu kimoja na kandambili moja.

Usiku ule na siku zilizofuata tuliuliza kila swali isipokuwa lile la maana. Dereva alikuwa kwenye simu? Aligombana na msimamizi? Kwa nini iliachia silinda ya upande ule alikosimama mtu? Mama Klachi alikwenda hospitali kila siku na chupa ya uji, na hata uji ule tuliutafutia sababu. Anajipendekeza, tulisema. Anataka asishtakiwe.

Silinda zikapelekwa gereji ya mjini. Fundi mkuu alizitazama kwa nje akatupa makadirio: gharama yote, ukiipima kwa mazao yetu, ilikuwa sawa na magunia manne ya mpunga. Tukaguna, tukakubali. Siku ya tatu akapiga simu kwamba amezifungua na hesabu imebadilika.

"Imekuwa ngapi?" katibu akauliza.

Fundi akataja. Katibu akapiga hesabu ya haraka kichwani. Magunia thelathini na moja. Akamwomba arudie, akidhani simu imekatakata.

"Umesikia vizuri, mzee wangu," fundi akasema. "Shafti zimechubuka, mabomba yamekwaruzika ndani. Mabomba yachongwe, shafti zipakwe kromu upya. Au mnunue mpya, na bei ya mpya sitaki hata kuitamka, nisije nikaua mtu kwa simu."

Mgeni rasmi, mtu aliyepigwa na bei ya namna hiyo haanzi kufikiria chuma. Anaanza kufikiria watu. Tulisema fundi ni mwizi. Halafu tukaulizana, fundi huyu alichaguliwa na nani? Na Mama Klachi. Na Mama Klachi, mwezi huohuo, alikuwa ameezeka jiko lake kwa bati mpya.

Tulikwenda kuzihesabu zile bati. Watu wazima watatu, katibu akiwa mbele na daftari, tulisimama uani kwa mama wa watu tukainua vidole. Alikuwa anafua. Hakutuuliza tumefuata nini. Alikamua shuka, akalitandaza kambani, ndipo akasema, "Zihesabuni vizuri. Ile ya pembeni imekatwa nusu. Msije mkaniandikia saba."

Tukaandika saba.

Bati zile alitumiwa na mdogo wake ambaye ni fundi wa mapaa. Tungeuliza tungejibiwa, lakini hatukuuliza, kwa kuwa tulikwenda pale tukiwa tayari na jibu letu. Jioni hiyo tukamnyang'anya ufunguo wa trekta. Aliuweka mezani, akamtazama kila mmoja wetu usoni kwa zamu. Wawili tuliinamisha macho. Wa tatu, ambaye ni katibu, aliuchukua ufunguo.

Haya yanayofuata tumesimuliwa na yeye mwenyewe, na fundi ameyathibitisha mbele ya mwenyekiti.

Kesho yake Mama Klachi alipanda gari kwa nauli yake akaenda mjini. Hakwenda kwa wema. Alikuwa na hasira, na yeye pia alikuwa na hakika kwamba fundi anatuibia na kwamba wizi wa mwingine umebandikwa kwake. Aliingia gereji akasimama mbele ya meza yenye vyuma.

"Nionyeshe."

"Mama, nilishaongea na katibu wenu."

"Katibu wetu ana macho ya daftari, hana ya silinda. Nionyeshe mimi."

Fundi akamsogezea bomba, akamulika tochi ndani. Mama Klachi akachungulia. Badala ya kung'aa kama kioo, ukuta wa ndani ulikuwa na mikwaruzo mirefu kutoka huku hadi kule, mamia kwa mamia. Akapitisha kidole, kikakwamakwama.

"Hii umeifanya wewe. Umeingiza msasa."

Fundi hakukasirika. Labda amezoea. Akavuta kichujio cha mafuta kilichokuja pamoja na silinda, akakipasua kwa kisu, akamwekea kiganjani. "Na humu pia niliingiza msasa? Sugua."

Mama Klachi akasugua kati ya vidole viwili. Mchanga. Mwororo, mweusi, umekaa kwenye mikunjo ya karatasi kama unga kwenye chekeche.

"Sili haipigani na mchanga, mama," fundi akasema. "Hata ningewawekea sili za ndege, zingekufa kwa mwezi. Mafuta yenu mnayatoa wapi?"

Anasema alipanda gari la kurudi. Anasema njia nzima aliomba awe amekosea.

Alipofika alimwendea mtunza stoo, ambaye ni shoga yake na ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa bado anampa kiti, akaomba kikombe kimoja cha mafuta kutoka kwenye pipa lililokuwa bado halijaguswa. Akatafuta chupa tatu za kioo, akazichemsha, akazikausha juani. Ya kwanza akatia mafuta ya haidroliki aliyonunua dukani. Ya pili, yaliyobaki ndani ya trekta. Ya tatu, yale ya pipa. Akazipanga kwenye rafu ya jikoni, akaziacha siku mbili. Siku ya tatu mchana akamtumia katibu ujumbe: "Njoo. Daftari acha nyumbani."

Katibu alikwenda. Ya kwanza ilikuwa safi, unaona ukuta upande wa pili. Ya pili ilikuwa nyeusi, ina mashapo. Ya tatu, ambayo haijawahi kuingia kwenye mashine yoyote, ilikuwa na tope chini lenye kina cha kidole, juu ya tope maji, na juu ya maji mafuta yaliyochafuka rangi ya maziwa.

Katibu akainama kuitazama. "Hii ya tatu umeitoa wapi?"

"Unajua nilipoitoa. Pipa lina nembo."

Nembo ni ya ofisi yako, mgeni rasmi.

Utakumbuka mwaka jana, mjini, ulipokabidhi mafuta kwa vikundi kumi na viwili. Sisi tulipata mapipa mawili. Uliyagusa kwa mkono wako, tukapigwa picha, na picha hiyo imetundikwa ofisini kwetu. Wiki sita baada ya kuanza pipa la kwanza, silinda ilianza kutokwa jasho. Miezi yote ile tulimshuku dereva, tukamshuku fundi, tukashukiana sisi kwa sisi. Pipa hatukulishuku kwa sababu lilikuja na hotuba.

Hatusemi kwamba ulijua. Tunataka hilo lisikike vizuri, maana kuna watu wa kupeleka maneno. Tulilikagua pipa la pili mbele ya mashahidi tisa, tukakuta lakiri ya mfuniko mkubwa, ambao Mama Klachi hakuufungua kwa kuwa kikombe chake alikitoa kwenye kizibo kidogo, imeshakatwa ikarudishwa kwa gundi. Kati ya kiwanda na mikono yetu kuna bohari, kuna malori, kuna karatasi zenye saini. Ni wapi palipofanyika nini, sisi hatuwezi kujua. Kuna watu wanaoweza kujua wakitaka.

Tulikuandikia barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwamba mafuta yale ni mazuri kwa mujibu wa cheti, na tulikumbushwa kuwafundisha madereva wetu. Ya tatu haikujibiwa kwa barua. Alikuja ofisa na pikapu tupu, akasema amekuja kulichukua pipa kwa uchunguzi. Tukamwomba atuandikie kwamba amelichukua. Akasema hana kalamu. Tukampa kalamu. Akasema hana mamlaka ya kuandika. Tukamwambia basi, bahati mbaya mtunza stoo amesafiri na ufunguo. Mtunza stoo alikuwa amesimama palepale, akaitikia kwamba ni kweli, amesafiri.

Wiki mbili baadaye tukaambiwa unakuja kufungua banda. Hatukuwa tumekuomba ufungue banda, mgeni rasmi. Tumefurahi, lakini hatukuwa tumekuomba.

Pipa liko salama. Halipo stoo.

Magunia thelathini na moja tumeyalipa, kwa kuuza mpunga ambao baadhi yetu walikuwa wameuweka kwa ajili ya mbegu. Nyumba saba za mashamba ya chini hazikupanda kabisa msimu huu, kwa kuwa mfereji ulizolewa kwa makoleo na makoleo hayakufika kwao. Walio nje ya turubai wengi ni wao. Viti hawakuvikosa kwa bahati mbaya. Wamesema hawatakaa mpaka waone.

Kuhusu Mama Klachi. Tulimrudishia ufunguo kwenye mkutano mkuu, tukamwomba radhi kwa sauti moja. Alituambia sauti moja haikumhesabia bati, walimhesabia watu watatu. Ufunguo ukalala mezani siku nne. Basi wale watatu tukamwendea uani tulikosimama mara ya kwanza, kila mmoja akaomba radhi kwa mdomo wake. Ilipofika zamu ya katibu, alianza na habari za mvua. Mama Klachi akamwachia ateseke kidogo, kisha akasema, "Basi, nimesikia. Ila mafuta ya kuingia kwenye lile trekta nitayapima mimi, na hakuna pipa litakalofunguliwa nikiwa sipo." Tumeliandika hilo kwenye kanuni za umoja, kifungu cha kumi na nane. Ameshaanza kazi. Msimamizi wa maji ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda kwenye trekta kumshika mkono, na kandambili yake.

MAOMBI

Kwanza, vile vikundi kumi na kimoja vingine viambiwe leo, kwa simu, visiendelee na mafuta yale. Tumevipigia vinne. Viwili tayari vimefungua silinda, na kimoja kimemfukuza dereva. Tunaomba dereva huyo naye apigiwe.

Pili, gharama ya matengenezo. Hatutaji namba, iko kwenye bahasha pamoja na risiti za gereji, picha za mabomba na majina ya mashahidi tisa. Nakala nyingine za bahasha hiyo ziko sehemu mbalimbali, kwa watu wasiojuana.

Tatu, tunaomba tusichukiwe. Sisi ni wakulima, na mwaka ujao tutahitaji mbegu, mbolea na saini kutoka kwenye ofisi hiyohiyo. Kuna wenzetu walioipinga risala hii kwa sababu hiyo tu, na hatuwezi kuwaita waoga.

La mwisho linahusu ratiba. Ratiba inasema kwamba baada ya risala utatukabidhi mapipa matatu ya mafuta, yale yaliyofungwa utepe kwenye lori. Tunakushukuru kutoka moyoni. Tunaomba tu kwamba kabla ya picha, Mama Klachi achague moja kati ya hayo, lifunguliwe hapa mbele ya watu wote, na kikombe kimoja kitiwe kwenye chupa ile ya kioo iliyo mbele yako. Imeoshwa, na unaweza kuikagua wewe mwenyewe. Yakiwa mafuta safi, tutakupigia makofi mpaka turubai lipasuke, na katibu atakuomba radhi hadharani, kazi ambayo sasa ameizoea.

Tunakuombea kwa Mungu afya njema, familia yenye amani, na watumishi wanaokuambia mambo kama yalivyo. Awabariki pia wote waliosafiri nawe, pamoja na ofisa wa pikapu, ambaye tunamwona amekaa nyuma ya dereva wako na ambaye leo tunaamini amekuja na kalamu.

Mafuta huchukua siku mbili kutulia, mgeni rasmi. Tumewaandalia vitanda.

Ni sisi,
Umoja wa Trekta Moja.